Kichupa Nilichokiandika "Chafu"

Mwezi uliopita niliagwa kwa soda, keki na saa ya ukutani. Sijui ni nani aliyeamua kwamba mtu anayeacha kazi ndiye anayehitaji saa. Wenzangu vijana waliniomba niwaandikie maneno machache kuhusu miaka yangu katika maabara ya mimea, na nadhani walitegemea karatasi moja ya kubandika karibu na sinki. Nimezidisha. Habari za vyeo nimeziacha, kwa sababu hazingejaza hata hiyo karatasi moja. Nitawaambia habari za chupa, ngano na maharagwe, na kosa moja nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe, ambalo lilikaribia kutufungia chumba.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru, upande wa Kabete, nikiwa na digrii ya botania ya daraja ambalo sitalitaja na tai niliyoazima kwa shemeji yangu. Nilidhani nitakabidhiwa darubini. Bwana D'Souza, Mgoa mwembamba aliyekuwa msimamizi wa maabara, aliitazama tai, akaitazama mikono yangu, kisha akanipa brashi ya kuoshea chupa.

"Digrii umeleta?" aliuliza.

"Ndiyo, Bwana D'Souza."

"Weka ndani ya mfuko. Isilowe."

Niliosha chupa miezi mitatu. Alinifundisha kwamba chupa safi haitambuliwi kwa kung'aa. Unaijaza maji, unayamwaga, unatazama. Maji yakishuka kama pazia moja, chupa ni safi. Yakiacha matone matone ubavuni, kuna mafuta, rudia. Nilirudia hadi ngozi ya vidole ikakunjamana kama ya mtoto aliyesahaulika kwenye karai. "Ondoa kila kitu kisicho na kazi," alikuwa akisema, "halafu ondoa tena." Niliyachukua maneno hayo kama dini. Nyumbani Kawangware, mke wangu alianza kuficha vikombe vyenye ufa mdogo, akijua nikiviona nitavitupa.

Tulikaa kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, uwanja katikati, bomba moja la maji. Majirani wengi walikuwa watu wa Magharibi, mafundi na wachuuzi. Mimi, Mkamba peke yangu, niliitwa Profesa. Niliwaeleza mara nyingi kwamba kazi yangu ni kuosha chupa na kupima dawa za mimea, wakatikisa kichwa kwa heshima na kuendelea kuniletea fomu za shule, barua za nyumbani na watoto wenye homa. Watoto niliwaelekeza zahanati. Fomu na barua nilizishughulikia. Kwa hiyo nilikuwa profesa Kawangware na mwosha chupa Kabete, na kati ya kazi hizo mbili mwendo wa miguu wa dakika arobaini.

Bwana D'Souza alistaafu, mimi nikabaki na funguo zake na sauti yake kichwani. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaja Daktari Muthoni.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na masanduku mawili: moja la nguo, moja la vichupa vidogo kuliko kidole cha mwisho. Alikuwa na tabia ya kuongea na watu huku akiandika, na ya kunywa chai ikiwa imeshapoa. Siku yake ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kushika RNA.

"Sijawahi, Daktari."

"Vizuri. Ukiishika itakufa. Vidole vyako vina kitu kinachoila. Vyangu pia. Tutavaa glavu, tutachemsha kila kitu, na hatutapumua sana."

Hapo nikajua kwamba miaka yangu ya brashi haikupotea. Nilipata bosi mchafu wa wino lakini mwenye kuogopa uchafu kuliko mimi.

Wale ambao mmekuja juzi mmeyakuta mambo haya vitabuni. Mimi niliyaelewa kwa njia ya ofisi. Jeni ni faili lililofungiwa chumba cha rejistri, ambalo haliruhusiwi kutoka. Mtu akilihitaji, inapigwa nakala, na nakala inapewa tarishi aipeleke kiwandani. Nakala hiyo ndiyo RNA, na Daktari aliizoea upesi lugha yangu akawa naye anaiita RNA tarishi. Kiwandani kuna mashine ndogo mno ziitwazo ribosomu. Zinaisoma nakala, herufi tatu kwa tatu, na kila tatu zinaongeza tofali moja kwenye protini. Kusoma huanza kwenye neno la kuanzia na huisha kwenye neno la kukomea. Lakini nakala ni ndefu kuliko hapo. Kabla ya neno la kuanzia kuna kipande cha herufi ambacho hakigeuzwi kuwa protini, na baada ya neno la kukomea kuna kingine. Sehemu zisizotafsiriwa, kichwa na mkia. Siku hizo, kwa watu wengi, na hasa kwangu, zilikuwa kama pembezoni mwa karatasi, mahali pa kushikia.

Maharagwe yaliingia kwa mlango wa nyumbani. Mama Nafula, jirani yetu wa chumba cha nne, alikuwa akiuza nafaka soko la Kawangware. Alikuwa na aina moja ndogo, nyeusi, iliyotoka shambani kwa mama yake, na hiyo hakuiuza ila aliiweka kwa ajili ya mbegu.

"Hii fukusi haitaki," aliniambia. "Weka gunia mwaka mzima. Hizo zingine zinakuwa unga, hii inakuangalia tu."

Nilimpelekea Daktari Muthoni kiganja kimoja ndani ya bahasha. Aliacha kuandika, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Baada ya wiki kadhaa alijua kwamba ndani ya maharagwe yale kuna protini ambayo mengine hayana, na kwamba huenda ndiyo inayowachosha fukusi. Baada ya mwaka na ushee tulikuwa na nakala ya kudumu ya jeni yake, ya kupigia RNA kila tunapotaka, tumeitia ndani ya bakteria watutunzie na watuzalishie. Ilibaki hatua moja: kuonyesha kwamba nakala tuliyonayo kweli inatengeneza ile protini. Bila hivyo tulikuwa na karatasi tu, haijulikani kama ni ya maharagwe au ya kitu kingine.

Kiwanda cha kuijaribia kilikuwa kiini cha ngano, kile kijisehemu cha mbegu ambacho ndicho hasa huota. Ukikisaga kwenye barafu, ukazungusha ule uji kwenye mashine ya kutenganisha, unabaki na maji ya manjano yaliyojaa ribosomu zenye njaa. Unaziwekea RNA yoyote, zinaisoma. Maji hayo yaliyotengenezwa tayari yalitoka ng'ambo ndani ya barafu kavu na kufika kwetu yakiwa vuguvugu. Kwa hiyo tuliamua kujitengenezea, na hapo ndipo nilipomhitaji Wekesa.

Wekesa alikuwa ndugu yake Mama Nafula, akikaa Kibera na kufanya kazi kwenye kinu cha ngano Industrial Area, ambako viini huchujwa na kuuzwa pamoja na chakula cha mifugo. Nilimwomba aninunulie mfuko mmoja. Jumamosi nikaenda Kibera kuuchukua. Alinipokea kwa furaha kubwa, mfuko umefungwa vizuri, unanukia kama mkate.

"Profesa, nimekufanyia kitu kizuri," alisema. "Nimekukaangia kabisa. Ukitia kwenye uji, utanikumbuka."

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Ribosomu zote zilikuwa zimekufa kwenye sufuria ya mke wake. Tulikunywa uji wa viini vya ngano wiki mbili, na kweli ulikuwa mtamu. Jumamosi iliyofuata nilirudi na maelezo mapya: vibichi, visiguswe na moto, visikae juani.

"Sasa mtu akile vibichi kwa nini?" aliuliza Wekesa.

"Si vya kula."

Alinitazama kwa huruma ambayo nilikuja kuizoea.

Kiwanda kikawa tayari. Tulipokiwekea RNA iliyochujwa moja kwa moja kutoka kwenye maharagwe mabichi, kilitengeneza protini yetu bila ubishi, pamoja na nyingine nyingi. Tulipokiwekea RNA iliyotoka kwenye nakala yetu, hakikutengeneza kitu. Tulijaribu tena. Daktari akaongeza chumvi, akapunguza chumvi. Akabadilisha joto. Akalaumu maji, umeme, ngano, na Ijumaa moja alilaumu ubatizo wake. Miezi mitano ilipita namna hiyo.

Kamati ya chuo ikatuandikia. Chumba chetu kilihitajika kwa ajili ya kuhifadhia viti vya mitihani. Ikiwa kufikia mwisho wa muhula hatungekuwa na cha kuonyesha, viti vingeingia na sisi tungetoka. Wiki sita. Daktari Muthoni alikuwa na barua nyingine mezani, ya kumwita kule alikosomea, na alikuwa hajaijibu. Mimi ningerudi kwenye maabara ya wanafunzi, kwenye brashi. Na maharagwe ya mama yake Mama Nafula yangebaki yanaangaliana na fukusi ndani ya gunia moja kwenye soko moja, hakuna anayejua kwa nini.

Nilikuwa naumia, lakini sikujishuku. Hapo ndipo kosa lilipokuwa limelala.

Jumapili moja mchana, nikiwa na magazeti na chai, Mama Nafula alikuja na barua kutoka kwa mama yake. Mama yake hakujua kuandika, kwa hiyo alimsimulia mwalimu wa shule ya huko, naye mwalimu akaandika kwa Kiswahili cha darasani, kwa mwandiko wa mviringo, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu. Mnazijua barua hizo. Nakusalimu kwa wingi wa mchanga, mimi ni mzima, mguu ule umepona, fulani anakusalimu, ng'ombe mwekundu amezaa, fulani pia anakusalimu, hofu yangu ni kwako wewe uliye mbali. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kurudi kwenye gazeti. Nikapitisha jicho hadi "madhumuni ya barua hii" nikaanzia hapo.

"Uje nyumbani upesi, usikose," nilisoma. "Uje na ndugu yako Wekesa. Watu wote watakusanyika Jumamosi na hatuwezi kuendelea bila ninyi."

Mama Nafula alipiga ukemi. Sijui niueleze vipi. Kikombe changu kilianguka chenyewe. Alijitupa chini kwenye uwanja, akimwita mama yake kwa majina yote aliyowahi kuwa nayo, na milango kumi na miwili ikafunguka. Mama wa chumba cha tisa alianza wimbo wa kanisani kwa sauti ya kilio. Mtu alitoa benchi, mwingine akavua kofia. Fundi viatu wa kona aliniuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa mgonjwa muda mrefu?" nami nikajibu, "Nani?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya matanga na barua mkononi, na nikawa wa mwisho kwenye ploti kujua kwamba kuna msiba. Ndipo nikageuza karatasi na kusoma juu, kwa sauti: "Mimi mamako ni mzima kabisa, mguu ule umepona, na nimefurahi kwa ajili ya mdogo wako aliyepata mchumba."

Wimbo ulikatika. Watu walikuwa wanakuja nyumbani Jumamosi kuleta posa.

Mama Nafula alinyanyuka polepole, akafuta vumbi kwenye leso, akanitazama.

"Profesa. Hiyo ya mzima ilikuwa wapi?"

"Mwanzoni."

"Na wewe ulianza wapi?"

"Niliruka kidogo. Niliona ni salamu tu."

"Salamu tu! Kwani hizo salamu ziliandikwa na nani, kuku?" Watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka. "Mama yangu hawezi kunianzia hivyo. Simu ya kifo ndiyo inaanza hivyo. Ukisikia mtu anakuita tu, njoo upesi, bila hujambo, unajua kuna maiti. Wewe umesoma kama polisi."

"Pole sana, Mama Nafula."

"Soma yote. Hata ng'ombe."

Nilisoma yote, hata ng'ombe. Alisikiliza akiitikia kila salamu kwa jina, kana kwamba wenyewe walikuwa wanapita mlangoni. Fundi viatu alirudisha benchi, akisema ni aibu kulirudisha hivi hivi, angalau tungekaa. Tukakaa.

Kesho yake saa nne, wakati wa chai, nilimsimulia Daktari Muthoni. Nilisimulia vizuri, nikajiigiza nilivyouliza "Nani?" Alicheka hadi akaweka kalamu chini.

"Lakini maneno uliyoyasoma yalikuwa sahihi?" aliuliza.

"Yote. Sikubadilisha hata moja."

"Sahihi, na hayakufika." Akavuta daftari langu la maabara kutoka kwenye rafu, akarudi nyuma miezi mitano, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa umeandika, 'Nakala ya maharagwe, safi.' Safi maana yake nini?"

Kwake, safi lilikuwa neno la kemia: hakuna protini ya bakteria, hakuna chumvi, hakuna uchafu. Alikuwa amelisoma hivyo na kuendelea na kazi, kama mtu yeyote angefanya. Hapa Nairobi neno safi ni jibu la kila kitu. Habari ya kazi? Safi. Lakini mimi nilipoliandika nilikuwa na maana nyingine, na nilipokiona kidole chake juu ya neno lile niliijua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo dogo la uongo. Wiki nne zilikuwa zimebaki, na hakuna mtu ambaye angeweza kujua. Nawaambia vijana kwamba nilihesabu vigae vya sakafu hadi kumi na moja kabla ya kufungua mdomo.

"Nilikata kichwa," nilisema.

"Kichwa gani?"

"Sehemu isiyotafsiriwa, ya mbele. Uliniambia niihamishe nakala kwenye chombo kipya. Nilipokuwa naihamisha niliona herufi zile za mbele hazitengenezi kitu. Nikatumia kile kimeng'enya kinachotafuna ncha. Nikazipunguza mpaka zikabaki tatu kabla ya neno la kuanzia. Nilikuwa nasafisha, Daktari."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Miezi mitano," alisema, "nimekuwa nikibadilisha chumvi."

"Ndiyo."

"Nimeilaumu ngano ya Wekesa."

"Ndiyo."

Alikunywa chai yake, na siku hiyo ilikuwa bado ya moto, akaungua, akaitema kwenye sinki. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ile ya kwanza, kabla hujaisafisha, uliitupa?"

Nilikuwa nimetupa karibu zote, ndivyo nilivyolelewa. Lakini nyuma kabisa ya friza, pale barafu inapojenga ukuta, kulikuwa na kichupa kimoja kilichogandia na ambacho sikuweza kukitoa bila kukivunja. Tulikichimbua kwa kijiko, mmoja akishika tochi. Juu yake, kwa mwandiko wangu nadhifu, kulikuwa na neno moja: CHAFU. Kando yake, kwenye kasha langu la fahari, vilikuwa vimepangwa vichupa vya hatua za usafi wangu: Safi 1, nilipokata kidogo, Safi 2, nilipokata zaidi, Safi 3, ile tuliyoitumia miezi mitano, safi kuliko zote.

Daktari Muthoni alivishika vyote vinne kwenye kiganja cha glavu. Nikaona anafanya kitu ambacho sikukielewa mara moja: anaanza kutabasamu.

"Ulivihifadhi vya katikati?"

"Nilitaka kuonyesha maendeleo."

"Basi huenda umeyaonyesha," alisema.

Bakteria wa kichupa cha chafu walikuwa hai. Siku ya pili asubuhi walikuwa wamejaa kwenye sahani kama matone ya nta, na sijawahi kufurahia kuona bakteria namna ile, kabla wala baadaye. Tulitengeneza RNA kutoka kwenye vichupa vyote vinne, kiasi kimoja, siku moja, glavu mpya. Wekesa alileta ngano mbichi, amekuja nayo mwenyewe kutoka Kibera kwa sababu, alisema, alitaka kuona ni watu gani hao wasiojua kupika. Tukaviweka vyote vinne kwenye ribosomu, pamoja na tofali la protini lenye mionzi kidogo ili matokeo yajipige picha yenyewe kwenye filamu ya eksirei. Jeli, ule utando laini tuliozipangia protini kwa ukubwa, ilipokauka tuliibana na filamu ndani ya kasha jeusi, tukasubiri siku tatu.

Filamu tulikwenda kuisafisha hospitalini, kwa mtaalamu wa eksirei aliyetusaidia kwa hisani. Alitoka kwenye chumba cha giza ameiinua, ikitiririka maji, na kuigeuza huku na huku.

"Sioni mfupa," alisema. "Mgonjwa wenu ni nani?"

"Haragwe," alijibu Daktari Muthoni, na kumpokonya.

Mstari wa kwanza, wa chafu, ulikuwa na alama nyeusi nzito, mahali hasa protini yetu inapokaa. Wa pili, Safi 1, alama ileile, nyembamba zaidi. Wa tatu, kivuli. Wa nne, ule wangu uliokamilika, hakuna kitu, ila doa moja hafifu chini kabisa: protini fupi, iliyoanza kusomwa mahali pasipo pake. Nje ya hospitali nilizunguka gari tulilokuja nalo nikiitazama filamu kwenye mwanga wa jua. Maneno ya protini yalikuwa yaleyale kwenye vichupa vyote vinne, sikugusa hata moja. Nilichokuwa nimekata ni kile tu kisichosemwa, na kadiri nilivyokikata ndivyo mmea ulivyokosa kusikika.

Daktari alinieleza alivyodhani. Ribosomu hairukii katikati ya nakala. Inapandia mwanzoni na kutembea hadi ikutane na neno la kuanzia. Nilikuwa nimelisogeza neno hilo hadi kwenye kizingiti, ribosomu ikawa inalivuka kabla haijasimama sawasawa. Huko ng'ambo pia watu walikuwa wameanza kuona vichwa hivi vina kazi, kwamba vingine huongeza protini na vingine huizuia, kwamba mmea huenda unavitumia kuamua ni ujumbe gani usomwe leo na upi usubiri mvua. Msiichukue barua ya Mama Nafula kuwa ndiyo maelezo ya sayansi. Ribosomu haina adabu, haingoji kuulizwa hujambo. Ila bila barua ile Daktari asingeuliza, na mimi nisingesema.

Kamati ilikuja wiki ya mwisho ya muhula, watu watano. Mmoja alikuwa na futi ya kupimia, nadhani kwa ajili ya viti. Mwenyekiti alikuwa mtu mzito, mwanauchumi, asiyependa kusimama. Daktari Muthoni alibandika filamu dirishani na kueleza mistari minne. Alisema "tulikata" na "tuligundua", "tu" kila mahali, na mimi nikawa natazama viatu vyangu.

"Wazo la kukata lilikuwa la nani?" aliuliza mwenyekiti. "Ni jaribio zuri. Linaonekana hata kwa mtu kama mimi."

Daktari alifungua mdomo, nami nikamtangulia.

"Halikuwa wazo, mheshimiwa. Nilikuwa nasafisha. Nilidhani ni takataka, nikaandika safi, na Daktari akapoteza miezi mitano kwa sababu ya neno hilo. Yeye ndiye aliyeona kwamba kosa langu lilikuwa limejipanga kwa hatua."

Yule mwenye futi aliirudisha mfukoni ikajikunja kwa mlio.

"Mmm," alisema mwenyekiti. Alisogea karibu na dirisha, akaitazama filamu kwa muda, kisha mchoro wetu wa nakala ulioko kando yake, na kuweka kidole kwenye ncha ya upande wa pili, baada ya neno la kukomea. "Hiki je? Hiki cha nyuma pia hakitafsiriwi?"

"Hakitafsiriwi," alisema Daktari.

"Mmekikata?"

"Bado. Kuna wanaodhani kinaamua nakala itadumu muda gani kabla haijaharibiwa. Katika haragwe hili, hatujui."

"Hamjui."

"Hatujui, mheshimiwa."

Mwenyekiti aliwageukia wenzake, akafunga faili, akaliweka chini ya kwapa.

"Viti vitafutiwe mahali pengine," alisema. "Tukifunga hapa, nitamwuliza nani?"

Jumatatu asubuhi Daktari Muthoni aliijibu ile barua ya ng'ambo, mistari mitatu, mbele yangu, na kuniomba nikaitie posta. Niliporudi alikuwa ameshavaa glavu. Tukaanza na mkia.